Kompyuta ya Baba Mkwe Yaongezwa Umri

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema kuliko zote tangu nifungue karakana! Chuo cha ufundi kinafungua chumba cha maonyesho ya kompyuta za zamani, Jumamosi ya tarehe 15. Mtunzaji wa chumba hicho, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, amepita leo mtaa mzima wa mafundi. Kasema kompyuta kongwe kuliko zote itawekwa mlangoni, peke yake, juu ya meza yenye kitambaa. Na ukutani bamba la shaba, lenye jina la fundi aliyeileta.

Shaba! Jina langu halijawahi kuandikwa kwenye kitu kigumu kuliko karatasi.

Miwani alikuwa akisikiliza kutoka ng'ambo ya barabara. Huyu ni fundi mwenzangu. Karakana zetu zinatazamana mwaka wa kumi na moja sasa, na vioo vya miwani yake ni vinene kama vitako vya chupa. Anayo kompyuta chapa Marvolin, toleo la kwanza kabisa, la mwaka 1983. Anaipangusa kila Ijumaa kana kwamba inakwenda kuolewa.

Nami ninayo Marvolin. Yaani, anayo baba mkwe wangu. Iko kwangu kwa sababu herufi moja ya kibodi inakwama. Ni toleo la pili, la 1986. Lakini nani atajua? Kwa nje ni pacha.

Baba mkwe alikuwa karani wa vizazi na vifo. Aliitumia mashine hiyo ofisini miaka kumi na tisa, na alipostaafu wakampa aondoke nayo. Nimempigia simu kumwomba ruhusa ya kuipeleka maonyesho.  Mzee kafurahi. Aliuliza tu kama watu wataruhusiwa kuigusa. Nikamwambia watapanga foleni.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimebandua lebo ya nyuma inayosema toleo la pili. Nimebandika ya toleo la kwanza, niliyoitoa kwenye kasha bovu la Marvolin nyingine, lililokuwa likihifadhi misumari yangu. Nimeisugua kwa majani ya chai ionekane imezeeka. Kazi safi. Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Saa sita Miwani akavuka barabara kuja kuazima bisibisi. Akaitazama mashine. Akaitazama lebo. Akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, kwamba yule mama wa chuo hasomi lebo. Eti lebo ni nguo tu. Yeye huiwasha mashine na kuiuliza yenyewe.

Nikacheka. Kuiuliza! Miwani hakucheka. Akanieleza kwamba ndani ya kila kompyuta ya aina hii kuna chipu ya kuamkia, ile yenye maagizo ya kwanza ambayo mashine huyasoma inapopata umeme. Mwishoni kabisa mwa chipu hiyo watengenezaji waliandika tarehe, na baada ya tarehe wakaweka alama moja ya kutaja toleo. Ni kama cheti cha kuzaliwa kilichoshonewa ndani ya ngozi.

Akaondoka na bisibisi yangu. Chai niliyobakiza baada ya kusugua lebo nimeinywa ikiwa baridi.

Jumatano, 5 Juni

Kilichoandikwa na binadamu, binadamu anaweza kukiandika upya. Hili limenijia nikiwa napiga mswaki.

Tatizo: mashine ya kuandikia chipu mtaani kwetu anayo mtu mmoja tu. Nikavuka barabara. Nikamwambia Miwani nina mizani ya dukani imepoteza akili. Akaniazima bila neno. Tabia yake hiyo ya kutouliza maswali huniudhi sana.

Nimeichomoa chipu, nimeisoma, nimehifadhi nakala yake kwenye kompyuta yangu. Na kweli, mwishoni kabisa, imekaa tarehe imetulia: mwezi, siku, na 86. Ninachotaka ni 83. Tarakimu moja tu! Sita iwe tatu. Nani alipata kuumia kwa tarakimu moja?

Ila chipu hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Lazima ifutwe kwanza. Ina kidirisha cha kioo mgongoni, na kinachoifuta ni mwanga mkali. Miwani ana taa maalumu ya kazi hiyo, lakini nikimwomba na taa atajua. Jua linafanya kazi hiyo hiyo, ila polepole, kama wiki hivi. Na jua ni la wote.

Nimebandua karatasi iliyoziba kidirisha. Nimeiweka chipu kwenye sahani, sahani nimeiweka juu ya bati la jikoni. Akili nyingi wakati mwingine hunichosha.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu amepanda ngazi kuanika vitambaa (yeye ni fundi nguo, na kamba imejaa) akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani. Kasema kuna mdudu kwenye sahani yake nzuri. Mdudu mweusi, miguu ishirini na minane, amekufa kifudifudi.

Alishaihesabu miguu! Huyu ndiye mwanamke niliyemwoa.

Nilimfikia akiwa tayari ameshika kandambili. Nikaikinga chipu kwa kiganja, kandambili ikatua mgongoni mwangu. Akataka kujua mdudu gani huyo anayestahili kutetewa. Nikamwambia ni kifaa cha baba yake, nakikausha unyevu. Akanitazama kwa yale macho ya baba yake. Akasema baba yake huwa anavaa koti akienda kwenye jambo zito, na jana amemletea koti alipunguze kiuno kwa ajili ya siku ya maonyesho. Halafu akashuka.

Kwa nini aliniambia habari ya koti? Nimeifikiria mchana kutwa. Sikupenda nilivyojisikia, nikaacha kuifikiria.

Jumanne, 11 Juni

Siku sita za jua. Chipu ni nyeupe pepe, haikumbuki hata jina lake. Nimebadilisha sita kuwa tatu kwenye ile nakala, nimeiandika chipu, nimeirudisha kwenye soketi yake. Nikawasha kwa mbwembwe.

Pii! Piiii! Halafu kimya. Skrini nyeusi.

Nikawasha tena. Pii! Piiii!

Miwani akatokeza mlangoni kwake, mkono umezuia jua. Akasema kwa sauti ya kuvukia barabara kwamba mlio ule ni wa hesabu kutokwenda sawa. Nikamjibu ni redio. Akasema basi redio hiyo, kila ikiamka, hujumlisha namba zote zilizo ndani ya chipu yake, na jumla isipotoka kama ilivyopangwa kiwandani, hugoma. Akaingia ndani.

Mashine inayojihesabu yenyewe kila asubuhi kama mwenye duka! Sikujua. Nimekaa juu ya ndoo na kalamu. Jioni kabla ya kufunga, nimepata jibu. Nimepunguza tatu mahali pamoja. Basi niongeze tatu mahali pengine, ambapo hapana mtu anayetazama, na jumla itarudi ilipokuwa. Kuna maneno kule ndani ambayo mashine huyaandika kwenye skrini inapoamka. Hakuna anayeyasoma maneno hayo. Nitachukua herufi moja na kuisogeza mbele mara tatu.

Jumatano, 12 Juni

Imekubali! Haikulia! Chipu iliyokwisha kuandikwa haiandikwi tena bila kufutwa, na jua lingetaka wiki nyingine, kwa hiyo imenibidi nimwendee Miwani, niazime ile taa, nifute tena. Nilimwambia ni ya kukagulia mayai. Akauliza mayai gani, ilhali sifugi kuku. Nikamwambia ndiyo maana nataka kuyakagua. Akanipa taa.

Herufi niliyochagua ni V. Nikaisogeza mara tatu ikawa Y. Bahati mbaya V hiyo ilikuwa katikati ya jina la mtengenezaji. Sasa mashine ikiamka, badala ya kuandika Marvolin, inaandika MARYOLIN, kwa herufi kubwa, katikati ya skrini, kama shangazi wa mtu anayebisha hodi.

Haidhuru. Linapita haraka. Nimepepesa macho makusudi, nikashindwa kuliona.

Mtunzaji anakuja kesho kukagua. Nimefua shati jeupe.

Alhamisi, 13 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mtunzaji amekuja saa nne. Kabla sijamkaribisha kiti, baba mkwe naye akaingia, kafuatana na mke wangu, kavaa koti. Alikuwa amesikia kuna ukaguzi, akataka kuwepo kuisalimia mashine. Nikampa shikamoo. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake kama alivyokaa miaka kumi na tisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza kuwasha.

Lile jina halikupita haraka. Lilikaa na kukaa. Ningeweza kunywa kikombe kizima cha chai.

Mzee akaisogelea skrini. Akavua kofia.

"Huyu siye," akasema.

Nikasema ni yeye, Baba, labda macho tu. Akasema aliwasha mashine hii kila asubuhi ya kazi kabla hata hajafungua dirisha, na haikuwahi hata siku moja kukosea jina la kiwanda kilichoizaa.

Mtunzaji akainamia skrini. Akaomba nafasi, akabonyeza vitufe vichache, akaiuliza yenyewe. Namba zikajipanga. Akaonyesha kwa kidole. Tarehe inasema 83, alisema. Lakini alama ya toleo iliyoifuata, ambayo mimi sikuigusa kwa sababu niliisahau kabisa, inasema toleo la pili. Na toleo la pili lilikuwa halijatengenezwa bado. Kwa ule upole wake akasema hapa tuna mtoto aliyezaliwa miaka mitatu kabla ya mimba.

Mke wangu akashika kiuno.

Baba mkwe ndiye aliyenimaliza. Hakupandisha sauti. Alikuwa akizungusha kofia yake mapajani.

"Mwanangu," akasema, "miaka thelathini na moja watu walikuja dirishani kwangu. Punguza mwaka, Karani, mtoto aingie shule. Punguza miwili, kijana apate kazi. Wengine walilia. Sikumpunguzia mtu hata siku moja. Na mashine hii ndiyo iliyonishuhudia."

Ningetamani sakafu iwe na mfuniko.

Mtunzaji akasema anaitaka mashine hii. Hakujali iwe kongwe au si kongwe. Chumba chake kina mashine nyingi, ila hana hata moja ambayo mtu aliyeitumia bado yupo na anaikumbuka. Lakini ataipokea ikiwa kama ilivyozaliwa tu. Mwisho kesho jioni.

Mzee akauliza kama inawezekana kurudishwa. Nikasema nusu saa, Baba. Nusu saa tu.

Ijumaa, 14 Juni

Ilikuwa nusu saa kweli. Taa ya Miwani nilikuwa nayo bado. Nimefuta. Nimerudisha tatu kuwa sita, Y kuwa V, na lebo ya toleo la pili nyuma ya mashine. Nimeandika, nimehakiki, kila namba mahali pake. Nilikuwa na furaha hata nikaimba. Na katika kuimba huko nikaichomeka chipu kinyumenyume.

Ina pengo dogo upande mmoja la kuonyesha kichwa chake. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Nikawasha. Ikatoka harufu kama ya kifungo cha shati kilichoungua kwa pasi. Nikaigusa kwa kidole. Alama ya kioo cha kidirisha imechapika kwenye ncha ya kidole changu, mraba kamili.

Imekufa. Chipu za namna hiyo hazitengenezwi tena. Nimepiga simu kwa kila fundi ninayemfahamu na wawili tusiosemeshana nao. Hakuna.

Saa tisa nikavuka barabara. Nilipanga kusema ni ya mizani. Nilipofungua mdomo, yakatoka yote. Lebo, majani ya chai, sahani, mayai, mzee na kofia yake. Miwani alisikiliza huku akifuta vioo. Bila miwani ana macho madogo ya mtu aliyechoka.

Akainuka. Akaifungua Marvolin yake, ile ya toleo la kwanza, iliyokuwa tayari imefungwa utepe kwa ajili ya kesho. Akaichomoa chipu.

Nikamwambia hapana, jirani, hiyo ndiyo ingekaa mlangoni.

"Yangu nina nakala yake," akasema. "Itasubiri mpaka nipate chipu nyingine. Mzee hana muda wa kusubiri kama mashine."

Tukavuka barabara hadi kwangu, akaiweka chini ya taa. Tulingoja dakika ishirini, na katika dakika hizo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia katika miaka kumi na moja. Alipokuwa kijana alikwenda dirishani kwa baba mkwe wangu kuomba apunguziwe miaka miwili. Palikuwa na nafasi ya kazi kwenye ghala kubwa, na yeye alikuwa amepita umri. Mzee akakataa. Akamsihi, mzee akakataa tena, kisha akamletea kiti. Na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akabaki pale kwenye kiti akitazama mzee anavyoiendesha ile mashine. Alirudi kesho yake kutazama tena. Na kesho kutwa.

"Ufundi wangu ulianzia pale," akasema. Chipu ilipofutika nikaiandika kwa ile nakala niliyoisahihisha, nikataka kuichomeka, akanizuia. "Geuza. Pengo liangalie juu. Nipe, nichomeke mimi."

Akachomeka yeye. Tukawasha. Haikulia. Katikati ya skrini: MARVOLIN.

Nilimkumbatia. Nikaipindisha miwani yake. Akaichukua bisibisi, akasema ni yake, ingawa ni yangu.

Jumamosi, 15 Juni

Maonyesho. Mlangoni imewekwa Marvolin ya mzee, toleo la pili, 1986, bila uongo hata chembe. Kompyuta mbili humo ndani ni kongwe kuliko yake, lakini mtunzaji alisema mlango ni wake na ataweka anachotaka.

Baba mkwe alikaa mbele yake, koti limemkaa sawasawa. Foleni ilikuwepo kweli! Mtu akifika, mzee anamuuliza jina na siku ya kuzaliwa, anaandika, mtu anajiona kwenye skrini ya zamani, herufi za kijani. Akaja mwanamke mmoja mtu mzima, mkono wake umeshikwa na binti yake, akasema kwamba mzee huyu ndiye aliyewaandika watoto wake wote wanne, na wa tatu aliandikwa akiwa na siku moja. Mzee akayataja majina yao manne bila kuulizwa. Yule mama akakaa chini kabisa. Hata mimi niliona kitu jichoni, nadhani vumbi.

Bamba la shaba limeandikwa hivi: mashine ya Karani wa vizazi na vifo, miaka kumi na tisa kazini, imehuishwa na fundi, na jina la Miwani, lile lake la kuzaliwa, ambalo nimelisoma leo kwa mara ya kwanza. La kwangu halimo. Mimi nilibeba meza.

Halafu mzee akaniita mbele ya watu. Akanigongea kiti kilicho pembeni yake. Akasema, kaa hapa, mwanangu, nawe uandikwe.  Akauliza jina, nikataja. Akauliza siku ya kuzaliwa.

Nikapunguza miaka mitatu.

Sijui kwa nini! Ilitoka yenyewe! Mke wangu akakohoa. Vidole vya mzee vikasimama juu ya kibodi. Kisha akaandika tarehe yangu. Ile ya kweli. Siku, mwezi na mwaka.

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilikutafuta kwenye daftari kabla sijakupa binti yangu," akasema. "Ulinidanganya umri siku ya kwanza uliyokuja kwangu. Nikasema, huyu atanisumbua, lakini hana ubaya." Akanigonga goti kwa ngumi, polepole. "Sijakosea hata moja."

Watu walicheka. Mimi pia. Miwani alicheka hadi akavua vioo. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi, nimemwambia mke wangu kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Akasema sawa, lakini niiteremshe kwanza ile sahani yake iliyo juu ya bati.

Jumapili, 16 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nimeoga. Nimeiosha sahani.

Saa nne mtunzaji amepiga simu kumshukuru mzee kupitia kwangu. Katika mazungumzo akataja kwamba mwezi ujao anafungua chumba cha pili. Taipureta. Kongwe kuliko zote itawekwa kwenye kabati la kioo.

Nikamwambia ni wazo zuri sana. Nikakata simu. Nikakaa.

Taipureta haina chipu. Haihesabu kitu inapoamka, kwa sababu hailali. Huwezi kuiuliza. Ina namba tu, imegongwa kwenye chuma chini ya tumbo lake, na chuma hakina kumbukumbu, kina ngozi tu. Mke wangu anayo moja stoo, aliachiwa na shangazi yake. Nimeipindua. Namba inaanza na nane, na namba ndogo ndiyo kongwe. Nane! Nane ni tatu mbili zilizokumbatiana. Ukikwangua upande mmoja tu, kwa uangalifu, kwa tupa nyembamba...

Tupa yangu imekuwa butu. Kesho asubuhi nitaazima ya Miwani. Nitamwambia ni ya kucha.